Kiti cha Akello na Donge la Chapati

Kiti cha baiskeli kilichomvusha Konstebo Akello kwenye tope la mbio za Kyambogo kilipimwa kwa donge la unga wa chapati na kuvikwa ngozi iliyotoka kwenye pikipiki iliyogongwa. Kabla hakijamfaa, karakana nzima, watu tunaojiita mafundi wa viti, tulikirekebisha tena na tena upande usiohusika, tukikubaliana kila mara kwamba sasa kiko sawa.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo mtakaloniuliza nikipita Wandegeya kuwasalimu. Sasa nirudi nyuma, mambo yafuatane.

Nimestaafu kwa sababu ya macho. Uzi mweusi juu ya ngozi nyeusi siuoni tena, na fundi anayeshona kwa kukisia ni hatari kwa watu wasioweza kujitazama pale wanapoumia. Kichwa bado kizima. Brian, fundi mwenzangu, ameniomba niwaandikie nyinyi mlioingia karakanani juzi juzi, niwaeleze kazi ilivyokuwa. Habari za mshahara na za nani alipandishwa lini naziacha. Hazijawahi kumsaidia mtu aliyeshika sindano.

Nilitoka Bungoma nikiwa mke kijana, nikimfuata mume wangu aliyepata kazi katika kiwanda cha sabuni. Kampala nilijua watu wa kanisani tu, na mmoja wao akaniambia kuna fundi baiskeli Wandegeya, nyuma ya soko, anatafuta mtu anayejua kushona. Nikaenda. Nilimkuta mwanamume mfupi, mpana, ameketi juu ya kreti ya soda, akikikagua kiti cha baiskeli kama daktari anayekagua ulimi. Watu walimwita Ssalongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. Jina lake la kanisani nilikuja kulijua baadaye sana, na sikuwahi kulitumia.

"Wewe Mukenya, unajua kushona?" akaniuliza.

"Najua."

"Umeshona nini?"

"Sare za shule. Majoho ya kwaya."

"Kwaya inasimama," akasema. "Mimi nataka mtu ya kushonea watu wanakaa."

Akanipa sindano iliyopinda kama ukucha wa jogoo, uzi uliopakwa nta, na kiti cha ngozi kilichopasuka ubavuni. Nilishona kwa uangalifu wote niliokuwa nao, nukta za uzi zikafuatana kama mchwa. Alipokipokea alikigeuza chini juu, akakamata nukta moja kwa koleo, akavuta. Zote zikafuata.

"Hii imeshonwa ya kuangaliwa," akasema. "Shona ya kukaliwa."

Nikafumua, nikaanza upya. Jioni ile vidole vilikuwa vimevimba, nikawa nashika kikombe cha chai kwa viganja. Mume wangu akauliza kama nimeajiriwa kushona au kupigana.

Wakati ule baiskeli zilikuwa nyeusi, nzito, zenye viti vya ngozi juu ya springi, na zilibeba kila kitu: ndizi za matoke, maziwa, makaa, magodoro, wagonjwa wa hospitali ya Mulago. Mwenye baiskeli alikaa juu ya kiti kile kutwa nzima. Kwa hiyo Ssalongo alikuwa na sheria moja ambayo sikuikuta kwa fundi mwingine yeyote. Hakumruhusu mteja aondoke na kiti kwa sababu tu amekisifu. Alikifunga, akamwambia ateremke hadi mzunguko wa barabara ya Mulago, kisha arudi. Mteja akirudi, Ssalongo hakumuuliza kitu. Alimtazama anavyoshuka.

Nakumbuka mbeba matoke mmoja, jitu kubwa lenye sauti ya kanisa. Alirudi akicheka. "Ssalongo, kiti ni tamu. Nipe niende kazi."

Ssalongo akachukua spana, akaanza kukifungua kiti.

"Sasa unafungua ya nini? Nimesema ni tamu."

"Mdomo yako imesema ni tamu. Miguu imeshuka, ikashika fremu, ikangoja kidogo. Mtu anangoja nini kama kitu ni tamu?"

Yule bwana akakiri kwamba pua ya kiti, ile sehemu nyembamba ya mbele, ilikuwa inamla. Ssalongo akaishusha kidogo sana, akamrudisha Mulago. Aliporudi mara ya pili alishuka akiwa anaendelea kumpigia kelele mwenzake ng'ambo ya barabara, hajui hata kama ameshuka. "Hiyo ndiyo," Ssalongo akaniambia. "Kiti mzuri mtu anaisahau."

Halafu pikipiki zikaja zikazimeza zile baiskeli. Kwa miaka mingi tulishona viti vya bodaboda, na kama kuna mtu kati yenu anaidharau kazi hiyo, namwomba aache. Kiti cha boda ndicho kilichonifundisha maji. Kila tundu la sindano ni mlango. Mvua ya Kampala huingia kwa mlango huo, sponji inakunywa, inaoza kimya kimya, na abiria wa asubuhi anafika ofisini na duara la maji nyuma ya suruali. Nilijifunza kuficha mshono chini, mahali maji yasipopanda, na kuuchagua upande kwa kumtazama abiria anavyoteleza kuingia. Sikujua kwamba nilikuwa najiandaa kwa mchezo ambao sikuwahi kuusikia.

Baiskeli zilirudi kwa mlango mwingine. Vijana wa hosteli, manesi, wahadhiri wa chuo cha Kyambogo, askari, wakaanza kununua baiskeli za mbio na kuunda klabu. Wengine walikimbia barabarani. Wengine wakachagua saiklokrosi, na siku ya kwanza nilipopelekwa kuitazama nilidhani baiskeli zao zote zimeharibika kwa pamoja, maana kila mtu alikuwa amebeba yake begani.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, ni mbio za kuzunguka uwanja wa majani na tope. Njiani wanaweka mbao za kuruka na vilima visivyopandika. Ukifika hapo unashuka bila kusimama, unabeba baiskeli, unakimbia, kisha unairukia ikiwa bado inakwenda. Halafu unarudia, mzunguko baada ya mzunguko, hadi wenye mashindano wakuonee huruma. Ssalongo alitazama hadi mwisho, ameegemea fimbo yake. "Kumbe kuna watu wanalipa kiingilio kwa kushuka na kupanda," akasema. Alifurahi sana. Maisha yake yote alikuwa ametazama watu wakishuka, na sasa wamelifanya kuwa mchezo.

Kiti cha barabarani hukaliwa. Cha saiklokrosi hurukiwa. Tofauti hiyo ndiyo kazi yote. Wateja wapya huingia dukani, wakabonyeza viti kwa kidole gumba, wakachagua kinachobonyea zaidi. Kidole gumba hakiendeshi baiskeli. Kiti laini mno huzama, mifupa miwili ya kukalia ikagusa gamba gumu la chini, na sponji iliyobaki ikapanda katikati mahali isipotakiwa. Mwambieni mteja achague kigumu kiasi, chenye mgongo ulionyooka, ili popote atakapotua aweze kuteleza hadi mahali pake. Kile kitobo cha katikati ambacho watu wa barabarani wanakipenda kinaleta upepo, lakini kwenye tope kinaleta tope: gurudumu la nyuma linalirusha moja kwa moja. Tuliviziba kwa kipande cha ngozi kwa chini. Na zile reli mbili zinazokishikilia kiti, chukueni za chuma. Kuna nyepesi zaidi, za kupendeza, na tumezitoa uwanjani zikiwa zimevunjika huku mwenyewe akirudi nyumbani amesimama juu ya pedali.

Jambo jingine ni ukingo. Karibu kila mtu hupanda baiskeli akitokea kushoto, kwa sababu mnyororo uko kulia na hakuna anayetaka kuukumbatia. Anaporuka, mguu wa kulia unavuka, paja la kulia linatua kwanza na kusugua ukingo wa kushoto wa kiti, kisha anakaa katikati. Hapo ndipo kaptura huchanika na ngozi ya mtu hufuata. Kwa hiyo tulikuwa na desturi: kiti chochote cha saiklokrosi tulikiviringa ukingo wa kushoto kwa tupa, tukauhamisha mshono wa upande huo ukakaa chini. Upande wa kulia tuliuacha ulivyo, maana ngozi ikivutwa pande zote mbili huchanika mapema. Wateja walituamini kwa desturi hiyo. Sisi wenyewe tuliiamini kuliko wao.

Brian alikuja kwetu akiwa amemaliza masomo ya ufundi Kyambogo, na alikuja na mambo mazuri. Alileta stendi ya kufungia baiskeli ndani, mtu akapanda akakanyaga pedali bila kwenda popote, nawe ukamzunguka ukimtazama goti, nyonga na mgongo. Kando ya stendi kulikuwa na kigoda cha kupandia. Tangu stendi ile iingie hatukumtuma mtu Mulago tena. Hata Ssalongo aliipenda. Alisema ni kama kwa kinyozi.

Na ni Brian aliyesema upana wa kiti upimwe kwa umbali wa ile mifupa miwili, na kwamba ng'ambo kuna mito maalumu ya kupimia. Mito hatukuwa nayo. Mlangoni, hata hivyo, tulikuwa na Musa, Msoga anayetengeneza roleksi, ile chapati inayoviringishwa na mayai. Nikamwomba donge la unga kubwa kama kichwa cha mtoto. Tukalitandaza juu ya benchi, tukalifunika kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki, mteja akakaa, akainama mbele kama ameshika usukani, akainuka. Yakabaki mashimo mawili safi kabisa. Ukipima katikati hadi katikati na kuongeza kidogo kila upande, umepata kiti chako. Donge lililokaliwa lilikwenda kwa kuku wa Ssalongo. Musa alisisitiza hilo liandikwe ukutani, kwa ajili ya jina lake zuri, na bado limeandikwa.

Hapo ndipo alipoingia Akello.

Alikuja amevaa sare ya polisi, baiskeli begani. Alikuwa mtoto wa polisi, mzaliwa wa Lira, aliyekulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, kilichonyooka kama amri. Nilimtazama kama ninavyomtazama kila mteja, kuanzia viatu. Viatu vilikuwa vinang'aa. Juu ya soksi ya kushoto, kwa nje, kulikuwa na alama nyeusi ya grisi ya mnyororo. Nikafikiri, askari msafi hivi, kumbe kuna mahali hapaoni.

"Karibu, afande," Ssalongo akasema. "Kiti inasemaje?"

"Inauma."

"Wapi?"

Akamtazama Ssalongo, akamtazama Brian, kisha akautazama ukuta. Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya pazia ninapohifadhi ngozi. Huko akasema.

"Mama, ni hapa." Paja la kushoto, ndani, juu kabisa. Kulikuwa na kidonda kilichofunga na kufunguka mara nyingi, kimekuwa na kingo ngumu. "Nimeweka kiti ya laini, ikawa mbaya zaidi. Sista wa zahanati amesema ikifunguka tena baada ya hii, baiskeli kwisha. Si ya wiki moja. Kwisha."

"Na mashindano?"

"Ndiyo hiyo. Bosi amenipa Jumamosi zote mpaka mbio ya Kyambogo. Wanawake wawili wa kwanza wanaenda kukimbia Kenya. Nikikosa, Jumamosi zinarudi kwa bosi, na mimi narudi kwa kizuizi barabarani kuuliza watu leseni." Akafunga mkanda wake. "Mama, mimi napenda hii kitu. Sijawahi kupenda kitu namna hii. Sasa nifanye nini?"

Nilimwambia tutafanya. Ni neno rahisi kulisema ukiwa nyuma ya pazia.

Tulimkalisha kwenye donge. Aliinuka akayatazama mashimo yake mawili, akauliza kama hayo ndiyo siri ya serikali. Musa akampigia saluti kwa mwiko. Upana ulionyesha kiti chake kilikuwa chembamba mno, tukafurahi, tukampa kipana zaidi, chenye reli za chuma, ukingo wa kushoto umeviringwa kwa desturi yetu. Akapanda stendini kwa kigoda, akakanyaga pedali, akasema ni nzuri. Baada ya mazoezi akarudi. Pale pale pamekuwa pekundu.

Brian akafikiri, na nawaambia alifikiri vizuri. Alisema kidonda cha kuruka hukaa paja la kulia, wote tunajua. Cha huyu kiko kushoto. Basi hakitokani na kuruka. Tena kiti chake cha zamani kimelika ukingo wa kulia, maana yake anakaa amelalia upande. Huenda mguu mmoja ni mfupi. Ssalongo akakubali. Mimi nikakubali kabla ya Ssalongo. Tukamwekea kipande cha mpira ndani ya kiatu. Pekundu. Tukakipinda kiti kidogo tu kulia. Pekundu zaidi, na sasa hata mgongo ulikuwa unalalamika.

"Mnanitengeneza kama redio," Akello akasema, lakini hakucheka. Mbio zilikuwa zimebakiza wiki mbili.

Jumamosi moja alikuja mapema, na stendi ilikuwa na baiskeli ya mtu mwingine, Brian anaifungua gia. Ssalongo, aliyekuwa amezeeka kiasi cha kuja karakanani kwa ajili ya kuonwa tu, akainua fimbo akaielekeza nje. "Nenda Mulago, rudi. Kama zamani."

Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akello aliitoa baiskeli, akaisimamisha barabarani, kisha akapita mbele ya gurudumu na kwenda upande wa pili. Nikafikiri anakwepa boda. Hakukuwa na boda. Akaweka mguu wa kulia kwenye pedali ya kulia, akasukuma, mguu wa kushoto ukavuka, akaenda zake.

Chai yangu ilipoa mkononi. Alirudi, akashuka vilevile, upande wa mnyororo, na soksi yake ya kushoto ikagusa meno ya gia ikaondoka na alama mpya ya grisi.

"Afande, ngoja kwanza. Panda tena."

"Nini, Mama?"

"Panda tu."

Akapanda.

"Shuka. Panda. Ruka kama unavyoruka kule."

Akaruka. Paja la kushoto likatua juu ya ukingo wa kulia, juu ya ule mshono tuliouacha kwa heshima ya ngozi isichanike.

Musa akaacha chapati ikaungua. "Nnyabo, mama yangu, mnamfundisha baiskeli? Huyu anajua."

"Tunajifunza sisi," nikamwambia.

Nikawaita wenzangu. Nilimrukisha Akello mara moja tena mbele yao, bila kusema neno, niwaone watakavyoona. Brian akageuka akaenda ndani, akarudi na kile kiti cha zamani, akakitazama ukingo wa kulia uliolika, akamtazama Akello, kisha akachutama akakitoa kile kipande cha mpira kwenye kiatu chake na kukitia mfukoni mwake kama mtu anayeficha ushahidi. Ssalongo alicheka hadi tukamletea kreti akae.

"Lakini kwa stendi alipanda kushoto," Brian akasema.

"Kigoda iko kushoto," Akello akajibu. "Nikapanda kwa kigoda."

Ilikuwa kweli. Kigoda kilikuwa kushoto siku zote, kwa sababu kila mtu hupanda kushoto, na kila mtu alipanda kushoto kwa sababu kigoda kilikuwa pale.

Nikamuuliza kwa nini anapandia kulia. Alishangaa kuulizwa. "Nilijifunza na baiskeli ya baba, ile nyeusi ya Lira. Haikuwa na pedali ya kushoto. Unapanda wapi kama pedali ni moja?"

Brian alisema labda ajifunze upande wa kawaida. Akello akasema kocha wake amejaribu, na kila akijaribu anaanguka. Ssalongo akagonga fimbo chini. "Wiki mbili huwezi badilisha mtu. Badilisheni kiti. Kiti haina mazoea."

Kazi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa raha kuliko zote nilizofanya. Niliifumua ngozi yote. Brian alilinyoa gamba ukingo wa kulia kwa tupa, akalipapasa kwa kidole, akalinyoa tena, hadi ukawa mviringo kama ukingo wa bakuli. Juu ya rafu nilikuwa na ngozi iliyotoka kwenye kiti cha pikipiki ya gharama, ya bwana mmoja aliyegonga mtaro na kuapa hatapanda tena. Ilikuwa imezeeka vizuri, laini bila kuteleza. Nikakata kipande kimoja kipana, nikaanzia katikati ya kiti, nikakivuta juu ya ukingo wa kulia hadi chini kabisa, bila mshono njiani. Mshono wote nikaupeleka kushoto, kule ambako kwa watu wengine tungeuogopa. Kilionekana kama shati lililofungwa vifungo upande wa wanawake. Nikaziba kitobo cha katikati, nikapaka nta, Brian akafunga nati na kuipaka gundi isilegee kwa mtikisiko.

Akello alikirukia palepale barabarani. Mara ya kwanza kwa woga, akijikunja. Mara ya pili woga umepungua. Kisha akapiga mizunguko mbele ya karakana, akishuka na kupanda, wenye boda wakimshangilia kama harusi. Hakurudi Jumatatu, wala siku iliyofuata. Alipiga simu katikati ya wiki. "Mama, pamefunga," akasema, akakata, maana alikuwa zamu.

Siku ya Kyambogo ilinyesha tangu alfajiri. Mchezo huu hupenda mvua. Sisi watazamaji tuliivumilia. Nilikwenda na Brian, na Ssalongo tulimleta kwa gari la binamu yake, ameketi kiti cha mbele kwa sababu za kitaalamu. Tulisimama penye mbao, mahali ambapo njia inakata kulia kabla ya kilima. Nilijua wapi pa kutazama. Wengine walitazama nani yuko mbele. Mimi nilitazama paja la mtu.

Kwa mizunguko ya mwanzo alikuwa wa tano, halafu wa nne. Kila alipofika penye mbao alishuka na kuruka bila kusita, na mimi nikapumua. Kisha nikaona jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Wenzake wote walishuka kushoto, kwa hiyo wote walikimbia upande mmoja wa njia, na upande ule ulikuwa umekuwa uji. Akello alishuka kulia, ndani ya kona, ambapo majani yalikuwa bado yamesimama. Wao walikuwa wanachomoa miguu, yeye alikuwa anakimbia. Alimpita mmoja hapo. Mzunguko uliofuata akampita mwingine.

"Anaiba njia," mama mmoja nyuma yangu akasema.

"Njia ilikuwa wazi," Ssalongo akamjibu. "Ni wao hawakuitaka."

Alimaliza wa pili, tope hadi kwenye nyusi, meno tu yakionekana. Watu walimzunguka. Nikapenya kwa viwiko kama asivyotakiwa kufanya mtu wa umri wangu.

"Afande, kiti?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza habari za mtu asiyemjua. "Kiti gani?" akasema.

Ssalongo alilirudia neno hilo njia nzima hadi Wandegeya, akilionja.

Sista wa zahanati alilikagua paja akasema limefunga na libaki hivyo. Akello alikwenda Kenya, akapita hata karibu na kwetu Bungoma, na akanirushia picha ya tope la huko, ambalo alisema ni la kawaida tu. Hapo karakanani kigoda sasa kina magurudumu, na kila mteja anatumwa Mulago kabla hajapanda stendi. Msiiache sheria hiyo. Mtazameni mtu anavyoshuka, na mtazameni pia anavyopanda, na kama soksi yake ina grisi msimhukumu kabla hamjauliza iko mguu gani.

Limebaki jambo moja. Wakati wa sherehe ya kuniaga, Akello alikuja na wazazi wake kutoka Lira. Nikampongeza baba yake, polisi mstaafu kama mimi nilivyo fundi mstaafu, kwa ile baiskeli yenye pedali moja iliyomfanya bintiye apite palipo wazi. Mzee aliweka soda chini.

"Baiskeli yangu ilikuwa na pedali mbili," akasema.

"Baba, haikuwa nayo."

"Mimi niliipanda kwenda kazi kila siku. Ningekanyaga na mguu gani sasa?"

Mama yake akasema pedali ya kushoto haikuwapo kabisa, na kwamba anakumbuka hata ilivyoanguka. Mzee akasema hakuna kilichowahi kuanguka. Walibishana hadi keki ikakatwa. Baiskeli yenyewe iko Lira kwa mjomba wa Akello, nyuma ya ghala, chini ya mabati. Mjomba amepigiwa simu mara kadhaa aende kuangalia. Anasema ataangalia.